Kanzu ya Kaswida

Siku ya maulidi ya madrasa, kazi ya Afrah ilikuwa kupiga pasi kanzu ya mdogo wake, Hamad. Mwaka huu kazi hiyo ilimchosha hasa. Hamad alikuwa amechaguliwa kuongoza kaswida, na tangu asubuhi hakuisha kuuliza kama makunjo ya mikononi yametoka. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, na majivu yalimwingia Afrah machoni.

Hamad alipokwisha kuivaa tu, damu ikaanza kumchuruzika puani. Upesi akatupa kichwa nyuma ili kanzu isiingie tone.

"Inama mbele," Afrah akamwambia. "Mwalimu wa sayansi alitufundisha."

"Nikiinama itachafuka, dada," Hamad akajibu huku akimeza.

Shangazi yao, Mwanamkuu, akaja na kata ya maji, akammwagia utosini. Sasa kanzu ilikuwa imelowa na damu haijakoma. Afrah alitaka kulia kwa hasira. Akamkalisha Hamad barazani, akamwinamisha kwa nguvu na kumbana pua.

"Hebu achia tuone," shangazi akasema.

Afrah akaachia, damu ikashuka upya. Akabana tena, shangazi akataka kuona tena. Mara Hamad akatapika ile damu yote aliyokuwa akiimeza, ikamwagika kifuani pa kanzu.

"Haya, umeridhika?" Afrah akamwuliza Hamad. Lakini papo hapo kanzu ilimtoka akilini, akabaki na hofu ya ndugu yake. Akakimbia kwa jirani yao, Bi Mize, muuguzi wa zahanati ya Miburani.

Bi Mize alipofika aliuliza kwanza kama Hamad ameanguka, amepigwa, au anasikia kizunguzungu. Yote hapana. Basi akamwinamisha mbele, akambana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, na kumwambia apumue kwa mdomo na kutema damu inayoshuka.

"Achia kidogo tuone," shangazi akasema.

"Mwanamkuu, wali ukishaupalia moto, unaufunua kila mara?" Bi Mize akamjibu. "Tunabana dakika kumi bila kuchungulia. Tukirudia na bado haijakoma, ni hospitali moja kwa moja."

Dakika kumi zilipotimia, damu ilikuwa imekoma.

"Imeanza lini?" Bi Mize akauliza.

Hamad alitazama miguu yake. "Juzi. Na jana pia. Nilikuwa nachokoachokoa pua. Nilificha, maana ningesema, kaswida angepewa Taufiki."

Afrah alishangaa. Siku tatu kijana anaificha pua yake kwa ajili ya kaswida!

"Leo Taufiki ataongoza, nawe utakaa tu usikilize," Bi Mize akasema. "Usipenge kamasi, usiguse pua, na kesho uje zahanati niitazame. Ungesema juzi, leo ungeongoza wewe. Kanzu tutailoweka kwa maji baridi, itatakata. Lakini maradhi unayoyaficha, mwanangu, nani atakutibu?"

"Nimekosa, Bi Mize," Hamad akasema, machozi yakimlenga. Akaivua kanzu, akampa dada yake.

"Dada," akaongeza polepole, "shati langu la shule lina makunjo."

Afrah alivuta pumzi, akaenda kuitazama pasi. Mkaa ulikuwa bado una moto.