Milembe Hajasema "Tuleni"

Jumatano, saa nne asubuhi, watoto wa darasa la awali waliingia kwenye makumbusho ya Sikukuu ya Mavuno.
Milembe aliingia wa mwisho.

Ndani kulikuwa na jembe la zamani. Kulikuwa na kinu cha mti.
"Milembe," Kulwa alinong'ona, "kinu kimekupita urefu!"

Kaka Shija, anayewatembeza wageni, aligonga chungu cheusi. Ko! Ko! Ko!
"Chungu hiki ni cha mwaka wa njaa," alisema. "Mvua ilirudi. Mahindi yakapatikana, machache tu. Watu wazima wakasema, hatuli mpaka mtoto mdogo kuliko wote ale."

"Sikukuu ikaanza hivyo," aliendelea. "Mpaka leo, mdogo huonja kwanza. Akisema 'Tuleni', tunakula. Asiposema, hatuli."

Du, du, du, moyo wa Milembe ulidunda.
Asinione. Asinione.

Nje, makande ya mahindi mapya yalikuwa yanachemka kwenye chungu kingine. Bwata, bwata, bwata.
Kaka Shija aliwapanga watoto mstari. Alitafuta mdogo kuliko wote.

Milembe alisimama kwa ncha za vidole. Akanyoosha shingo.
Asinione. Asinione.

"Wewe, mdogo wangu," Kaka Shija alisema. "Hebu shusha visigino."
Milembe alishusha. Watoto wakacheka.

"Kaka, na nisipoweza kusema?"
"Tutasubiri."
"Tutasubiri mpaka lini?" Kulwa aliuliza. "Mimi nina njaa!"

Milembe alipewa kijiko. Akaonja. Akatafuna.
Watoto walimtazama. Mwalimu alimtazama. Du, du, du.

Alijua neno la kusema. Lakini mdomoni kulikuwa na jambo jingine.
"Hayana chumvi," alisema polepole.

"Umesemaje?"
"Hayana chumvi!"

Kaka Shija alionja. Akashika kichwa.
"Mama yangu! Nimesahau chumvi!"

"Mimi nitakula hivyohivyo," Kulwa alisema, akainua sahani.
"Huli," Kaka Shija alisema. "Milembe hajasema."

Kaka Shija alikimbia. Pa, pa, pa. Akarudi na chumvi. Akakoroga.

Milembe alionja tena. Akatafuna. Kulwa alimeza mate.
Du... du... du...

"Tuleni!"

Mwalimu alikula. Kaka Shija alikula. Kulwa aliongezwa mara mbili.

Saa saba mchana, Milembe alichungulia ndani ya chungu cha makande.
Hakikubaki kitu.