Daftari la Winny

Selpha huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Otonglo. Huzipima kwa mkebe wa gorogoro, kisha humwongezea mteja konzi moja juu. Jioni binti yake Winny, wa kidato cha pili, huja kumsaidia kufunga.

Wiki hiyo Winny alikuja na daftari. Kila mteja alipobishana bei, aliandika. Selpha alimtazama kwa jicho la pembeni. Labda ametumwa na yule jirani wa hapa sokoni anayeninyang'anya wateja, aliwaza. Alipomuuliza, Winny alijibu kwamba ni kazi ya Kiingereza. Selpha hakuamini hata kidogo.

Usiku Winny akiwa amelala, Selpha alilifungua lile daftari. Alikuta maneno yake mwenyewe: "Onja kwanza, mama. Hiyo nyongeza ni ya watoto." Hasira zikampanda. Enzi zake, Kiingereza kilinakiliwa ubaoni. Huyu Mwalimu Wandera wa Kiingereza anachezea watoto wa watu! Asubuhi akatangaza kwamba Winny atahamia shule ya Awasi, kwa shangazi yake. Winny alilia, lakini mama alishakata shauri.

Siku hiyohiyo alikwenda shuleni na kusimama dirishani kimyakimya, apate ushahidi. Madawati yalipangwa kama meza za soko. Winny, ambaye mwaka mzima aliogopa kufungua kinywa kwa Kiingereza, alikuwa akimbembeleza kwa Kiingereza mwenzake aliyejifanya mteja. Wenzake walishindana kumjibu. Hakuna aliyesinzia.

Mwalimu alipotoka, Selpha alimkabili. "Mwalimu, nilimleta huyu asome, si kuandika mambo ya omena."

"Mama Winny, hawa vijana ukiwapa sheria za lugha peke yake, wanalala," alisema Wandera. "Nimewaambia walete maneno ya mahali wanapopajua. Mtu akiwa na jambo lake la kusema, anatafuta Kiingereza cha kulisema. Hapo ndipo ninamsahihisha."

Akamwonyesha insha ya Winny. Alama nyekundu za masahihisho zilijaa tele. Selpha aliikagua akitafuta hila, asiione. Aliona haya, na moyoni alifurahi sana. Habari ya Awasi ikaishia hapo. Mwalimu alimwomba jambo moja tu: kila jioni amuulize Winny alichosema darasani.

Jumamosi mteja mmoja alibishana mpaka akataka kwenda zake. Selpha alimshika mkono, akageuka nyuma.

"Winny, leta daftari. Huyu ako na maneno."