Maji ya Mrija wa Pili

Muthurakku, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema ng'ombe wa binamu yake kule Paramakudi alikunywa ndoo moja tu ya maji ya mashine ya kusafishia maji. Jioni akalala chini. Asubuhi hakuamka.

"Sisemi yale ya kunywa," Muthurakku alituambia, akiwa ameegemea ukuta. "Nasema yale yanayotoka mrija wa pili. Mashine inakamua sumu yote ya maji, inaitemea huko."

"Huyo ng'ombe ulimwona?" aliuliza mama mkwe wangu, Pechiammal.

"Binamu yangu alimwona."

"Ni yule binamu anayesema mbuzi wake anajua kusoma saa?"

"Cheka tu, Pechiammal. Lakini kabla hujamaliza kucheka, utazame mtulasi wako."

Tukageuka sote. Mtulasi wetu, ule mrihani wa ibada, umepandwa kwenye kizimba cha saruji katikati ya ua. Mama mkwe huuzunguka kila asubuhi akiomba. Majani ya chini yalikuwa ya manjano. Ya juu yalikuwa yameungua pembeni, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Mama hakucheka tena. Kwa wiki tatu nilikuwa ninaumwagilia maji ya mrija wa pili, na hakuna aliyejua.

Mashine ile ya kusafisha maji aliinunua mume wangu kabla hajarudi kiwandani Tiruppur. Binti yetu Kayal, mwenye miaka minne, alikuwa amelazwa mara mbili kwa kuhara. Tangu mashine ifungwe jikoni, Kayal hajaharisha hata siku moja. Lakini mashine ile ina mirija miwili. Wa kwanza unatoa maji ya kunywa. Wa pili unamwaga maji mengine kwenye mtaro. Kwa kila mtungi mmoja wa kunywa, mitungi mitatu inakwenda mtaroni. Nimehesabu mwenyewe.

Na hapa Ramanathapuram bomba la mtaa hutoa maji nusu saa kwa siku. Tunajaza tangi la juu ya paa, basi. Tangu mashine ije, kila saa sita mchana tangi lilikuwa tupu. Nguo zilikaa bila kufuliwa. Tulioga kwa kikombe.

Ndiyo maana nilianza kukinga maji yale kwa siri. Mtulasi haupewi maji ya kuogea wala ya kuoshea vyombo. Maji yaliyoguswa na mdomo, mguu au sabuni ni najisi kwake. Haya hayakuguswa na mtu yeyote. Yalikuwa maangavu, yametoka mrijani moja kwa moja. Nikajiambia, hakuna maji safi kuliko haya. Nikaupa makopo mawili kila siku.

Jioni ile Mama alisema, "Ijumaa kaka yangu Sethu anakuja na spana. Aing'oe mashine hii aichukue."

"Mama, na Kayal?"

"Tutachemsha maji, kama nilivyomlea mumeo. Au yeye hakukua?"

Tulikuwa tukichemsha pia mara zote mbili Kayal alipolazwa, lakini siku yenye kazi nyingi mtu husahau. Nilimtazama mtoto akinywa maji. Je, kama sumu ilikuwa kwenye mrija wa pili, wa kwanza ulikuwa salama?

Kesho yake, Jumanne, nilimpigia simu Jansirani, fundi aliyetufungia mashine. Alikuja na skuta, sari yake ameichomeka kiunoni. Mama alikaa mlangoni kama askari.

"Fundi," nilisema, "maji ya mrija wa pili yana sumu?"

"Umeongea na nani? Muthurakku?"

"Umejuaje?"

"Nyumba nne mtaa huu zimeniuliza habari za ng'ombe." Alitoa kifaa kidogo kama kalamu. "Mama, njoo utazame wewe mwenyewe. Kalamu hii inapima chumvi iliyoyeyuka kwenye maji."

Akakitumbukiza kwenye maji ya tangi. Kikasoma mia nane. Kwenye maji ya kunywa, sabini. Kwenye maji ya mrija wa pili, elfu moja na arobaini.

"Mashine haiongezi kitu," Jansirani alisema. "Inagawa tu. Mitungi minne imeingia. Mmoja umetoka karibu bila chumvi. Chumvi ya yote minne imebaki kwenye ile mitatu. Kwa hiyo haya ni maji yenu yale yale ya bomba, ila chumvi imezidi."

"Kwa hiyo si sumu?" Mama aliuliza.

"Si sumu. Ila si ya kunywa, wala ya kupikia. Wala ng'ombe usimpe, Muthurakku asije akapata ng'ombe wa pili."

Mama alikaza mdomo asicheke.

"Kinga kwenye pipa lenye mfuniko," fundi aliendelea. "Andika juu yake, mtoto asichote. Yatumie siku hiyo hiyo, mbu wasizaliane. Piga nayo deki. Mwaga chooni. Loweka nguo na ufue mkono wa kwanza, ule wa mwisho suuza kwa maji ya tangi. Masufuria yenye masizi, sugua nayo. Sahani za chuma pia, lakini zisuuzwe kwa maji mengine, la sivyo zitabaki na madoa meupe. Na betri ya umeme wa akiba msiitie maji haya kabisa, itakufa."

"Na mlangoni?" Mama aliuliza. "Alfajiri nanyunyiza maji kabla ya kuchora maua ya unga wa mchele."

"Mlangoni yanafaa sana, Mama."

Niliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimea?"

Jansirani alinitazama. Kisha akatazama uani.

"Mnazi wenu utayavumilia, ukibadilisha, leo haya, kesho ya kawaida. Mmea wa kizimbani, hapana. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kila siku chumvi juu ya chumvi." Alikwangua udongo wa mtulasi kwa ukucha. Juu yake palikuwa na utando mweupe, kama ule wa ndani ya birika letu. Nilikuwa nimeuona siku nyingi. Sikujua nilichokiona.

"Ondoa udongo wa juu," alisema. "Kisha mwagia maji ya kunywa polepole, mpaka yatoke kwenye tundu la chini. Mitungi miwili. Rudia kesho. Mizizi ikiwa hai, utapona."

"Nani aliumwagia maji hayo?" Mama aliuliza.

Jansirani alianza kufungasha vifaa vyake.

"Mimi, Mama," nilisema. "Wiki tatu. Niliona ni maji safi. Si kosa la mashine."

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua kijiko cha zamani, akaanza kuondoa ule udongo mweupe mwenyewe. Niliposogea kumsaidia, alisema, "Lete maji."

Tuliweka pipa la bluu chini ya dirisha la jikoni, na mrija wa pili ukaingia humo. Jumatano nilipiga deki nyumba nzima na kufua shuka mkono wa kwanza kwa maji ya pipa. Saa sita nilipanda ngazi kuchungulia tangini. Maji yalikuwa nusu. Jioni tulioga kwa ndoo, Kayal akapiga kelele kwa furaha. Alhamisi ikawa vivyo hivyo. Alfajiri ya Ijumaa nilimsikia Mama akifunua pipa. Akanyunyiza mlangoni, akachora maua yake. Uani, majani ya manjano yalikuwa yameanguka. Ncha mbili za matawi zilikuwa bado mbichi. Mbili tu.

Saa tatu Mjomba Sethu aliingia na mfuko wa spana.

"Hiyo mashine iko wapi, dada? Niing'oe kabla jua halijawa kali."

Mama alikuwa jikoni, mgongo wake kwangu, akitoa idli, vile vikate vya mchele, kwenye mvuke. Kayal alikuwa amekaa sakafuni na kikombe chake. Nilisimama kati ya mashine na mlango.

"Mama," nilisema, "mtulasi nimeuumiza mimi, na nitauangalia mimi. Maji ya tangi sasa yanafika jioni. Naomba umwambie Mjomba aiache mashine."

Mjomba alikwisha toa spana moja. Alimtazama dada yake.

Mama alipanga idli nne kwenye sahani. Akaongeza ya tano. Akamwagia mchuzi wa dengu pembeni, polepole.

"Sethu," alisema, "rudisha spana mfukoni. Umekula?"