Masizi Ndani ya Zege

Asubuhi ya maonyesho ya sayansi Iteka alifagia uwanja, akachota maji, akachemsha uji. Pale shuleni Nyamiaga, meza yake ndiyo iliyosubiriwa kuliko zote.

Mwalimu Restuta alikuwa amewafundisha habari za mirija ya kaboni. Ni myembamba mno kuliko unywele, nayo huoteshwa katika tanuri kwa kupitisha gesi yenye kaboni juu ya chembe za chuma. Kiasi kidogo tu, kikichanganywa vizuri, huongeza nguvu ya saruji. Iteka aliposikia kaboni, akakumbuka masizi ya jikoni. Akatangazia darasa zima kwamba ataleta zege lisilovunjika. Jamani, mdomo huo!

Alipovijaribu kwa mawe, kipande chake cha zege chenye masizi kilivunjika mapema kuliko kile cha kawaida kisicho na masizi. Akakitupa nyuma ya vyoo vya shule, akamimina kingine na kuficha spoku, waya mgumu wa gurudumu la baiskeli, ndani yake.

Sasa, kwenye maonyesho, rafiki yake Fabrice alikuwa akikipandishia mawe, na watu wakipiga makofi. Mara baba yake, mzee Celestini, akapenya hadi mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Fundi Pius anamimina linta ya mlango wetu sasa hivi. Nimemwambia aweke masizi kama yako, asitie nondo. Hizo nondo za chuma tutajengea banda la mbuzi."

Iteka aliogopa sana. Linta ni zege linalokaa juu ya mlango, na mdogo wake Keza hucheza mlangoni hapo kutwa nzima.

"Baba, mpigie simu asimimine!"

"Kwa nini tena?"

Iteka akashusha mawe, akachukua nyundo na kupasua kipande. Spoku ikachomoza.

"Hii ndiyo iliyobeba mawe. Masizi yaliliharibu zege, baba. Nilidanganya."

Aibu ilimchoma Iteka usoni. Baba akampigia fundi, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena.

"Pius! Umeshaanza? Basi, bomoa! Rudisha nondo!"

Alipokata simu, mwalimu Restuta alimgeukia Iteka.

"Masizi na mirija ile vyote ni kaboni, lakini chembe zake hazijapangika sawa. Hata mirija yenyewe ikishikana mabonge, hudhoofisha zege. Kile kipande kilichovunjika kiko wapi?"

"Nyuma ya vyoo, mwalimu."

"Kakilete. Hicho ndicho kilichokuwa jibu lako. Jaribio likishindwa, sema limeshindwa. Ukificha, mwenzako atajengea uongo wako, na watoto watalala ndani yake."

Iteka akaenda kukichukua, akakiweka katikati ya meza.