Ratili Sitini na Mbili

Kila Jumatano asubuhi Glenys Pohlner huwalisha mbwa, huanika nguo, kisha hufunika sahani ya mikate ya mayai na kuiweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Raketi hukaa nyuma. Ni kilomita kumi na nne mpaka viwanja vya tenisi vya mji mdogo wa Warrembat, na njia nzima ni ngano.

Warrembat ilikuwa na shule. Ilifungwa. Ilikuwa na benki. Nayo ikafungwa mwaka uliofuata, na meneja akasimama mlangoni kupeana mikono na watu kama mfiwa. Timu ya mpira iliunganishwa na ya mji mwingine, jina likapotea. Walioamua hayo hawakuwa wakazi wa Warrembat, wala hawakumuuliza mtu. Kilichobaki ni viwanja viwili vya lami vyenye nyufa, na wanawake wanne wanaocheza ligi ya Jumatano. Sheria ya ligi ni fupi. Timu ikishindwa kufikisha wachezaji wanne mara tatu katika msimu mmoja, inafutwa.

Glenys ni wa nne. Wa tano hayupo.

Mwezi wa kumi uzi wa raketi yake ulikatika. Mumewe, Neville, alikuwa anakwenda mjini kuchukua kipuri cha mashine ya kuvunia. Akaibeba na raketi.

Ukutani mwa duka palikuwa na picha kubwa ya bingwa. Muuzaji alimwonyesha Neville nyuzi za plastiki ngumu. "Hizi ndizo wanazotumia mabingwa," alisema. Bingwa wa pichani ana mtu wa kumkanda mkono, na mwingine wa kumbadilishia nyuzi kila mechi. Glenys ana kondoo mia tisa. Muuzaji hakuuliza habari hiyo.

"Nizikaze kiasi gani?" aliuliza.

"Mpaka mwisho," Neville alijibu.

Neville amejenga uzio maisha yake yote. Kule kwao mtu huangaliwa uzio wake kwanza, ndipo husalimiwa. Waya uliolegea ni aibu ya ukoo. Alipofika nyumbani alizigonga nyuzi kwa ukucha. Zikalia tiii.

"Sikia hiyo, mama! Ratili sitini na mbili. Hapo hapenyi hata mbuzi."

"Kwani nacheza na mbuzi?" Glenys alisema. Lakini alimshukuru.

Jumatano ya kwanza mipira yake ilifia wavuni. Ya pili akaongeza nguvu. Ya tatu kiwiko cha kulia kikaanza kuuma upande wa nje. Kufikia mwisho wa Novemba hakuweza kuinua ndoo ya maji ya mbwa. Akakosa mechi moja, kisha nyingine. Timu ikaandikiwa mara mbili. Ikabaki moja.

Ligi ilipumzika kwa ajili ya mavuno na Krismasi. Muuguzi wa zahanati alimwambia aupumzishe mkono, akamwonyesha mazoezi ya kuuimarisha polepole. Glenys aliyafanya kila siku, hata siku za joto la kuyeyusha lami.

"Labda ni umri, mama," Neville alisema.

"Umri gani? Mwezi wa tisa nilikuwa mzima. Nimezeeka kwa wiki sita?"

Katikati ya Januari maumivu yalipungua. Ndipo alipokuja Thea Mibus, kapteni wa timu. Thea huendesha basi linalopeleka watoto kwenye shule ya mji wa jirani. Gerejini kwake ana mashine ya kufungia nyuzi za raketi. Hakufundishwa na mtu. Alinunua mashine kuukuu, akaharibu raketi zake tatu, akajua.

Thea alizibonyeza nyuzi za Glenys kwa kidole gumba. Hazikubonyea.

"Mungu wangu! Nev, hii ni raketi au lango la zizi?"

"Imekazwa sawasawa," Neville alisema.

"Glenys, shoga yangu, ukipiga, mpira unaangukia wapi?"

"Wavuni. Au hapa miguuni."

"Na unauzungusha mkono kwa kasi kama binti yangu Jodie?"

"Jodie ana miaka kumi na tisa. Usinichekeshe, kiwiko kitauma."

"Basi nyuzi hizi si zako. Jodie akipiga, mpira unataka kwenda mpaka barabarani. Yeye anahitaji nyuzi zilizokazwa zaidi, zimzuilie mpira ndani. Wewe mpira wako haufiki. Unahitaji nyuzi laini, zilizolegea kidogo. Zinabonyea, halafu zinausukuma mpira. Zinakufanyia nusu ya kazi."

"Kitu kilicholegea hakina nguvu," Neville alisema. "Hilo hata mtoto anajua."

"Uzio kazi yake ni kuzuia, Nev. Raketi kazi yake ni kurudisha. Nyuzi zisipobonyea, kishindo cha mpira kinakwenda wapi?"

Neville alizigonga nyuzi tena kwa ukucha.

"Kinaingia kwenye kiwiko cha mkeo," Thea alisema. "Hebu soma hapa shingoni mwa raketi. Wenye kiwanda wameandika."

Neville alivaa miwani. Paliandikwa ratili hamsini mpaka sitini.

"Nani anasoma maandishi ya kwenye raketi?"

"Mwenye mkono," Glenys alisema.

Walikwenda gerejini kwa Thea. Akazikata zile nyuzi ngumu, akafunga laini, zile zinazosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba. Akazikaza ratili hamsini na mbili.

"Mchezaji wa kawaida aanzie katikati ya kipimo kilichoandikwa," alieleza huku akivuta uzi. "Mpira usipofika, au mkono ukiuma, punguza ratili mbili. Mpira ukitoka nje, ongeza mbili. Mbili tu, ucheze, ndipo uamue tena. Wewe umetoka kuumwa, nakuanzishia chini. Na usingoje zikatike. Nyuzi hufa kabla ya kukatika. Ukicheza mara mbili kwa wiki, zibadilishe mara mbili kwa mwaka. Zile ngumu hufa upesi zaidi, lakini hilo halikuandikwa chini ya picha ya bingwa."

Alimpa Neville raketi mbili, moja ya Jodie iliyokazwa, nyingine ya Glenys. "Piga mipira kumi ukutani kwa kila moja."

Neville alipiga kumi kwa ya Jodie. Akautikisa mkono. Akapiga kumi kwa ya Glenys, akaongeza mitano ambayo hakuambiwa.

"Haya, sema," Thea alimwambia.

"Hii haigongi," Neville alisema taratibu. Akamgeukia mkewe. "Mimi ndiye niliyekuumiza, mama. Unisamehe."

"Wewe na yule wa dukani. Lakini wewe umeomba radhi."

Glenys alianza kwa robo saa, kisha nusu saa, kisha seti moja.

Jumatano ya mwisho ya Januari ligi ilirudi. Kapteni wa timu ngeni alishuka garini na karatasi ya mechi.

"Tumesikia hamtimii," alisema. "Nusura tusije."

"Mmekuja na raketi?" Thea aliuliza.

"Tumekuja nazo."

"Basi zitoeni."

Mpira wa kwanza wa Glenys ulivuka wavu na kuangukia karibu na mstari wa nyuma. Mpinzani wake alikuwa amesogea mbele, akaangalia tu ukimpita. Glenys hakupiga kwa nguvu zaidi. Alipiga hivyo hivyo mchana kutwa. Alishinda seti mbili akapoteza moja. Timu ilifungwa kwa tofauti ya geimu tatu.

"Mmefungwa," alisema Neville, aliyekuja kutazama.

"Tumecheza," Glenys alimjibu.

Karatasi ya mechi ilipitishwa mezani, katikati ya vikombe vya chai. Kila mchezaji aliandika jina lake mwenyewe. Mstari wa nne wa Warrembat Glenys aliujaza kwa mkono wa kulia, bila haraka, kwa herufi kubwa.