Hatua Kumi na Nane Hadi Bandani

"Siku saba! Ukikaidi, tunawabeba wote!"

Afisa wa halmashauri alibandika karatasi nyekundu kwenye banda langu la kuku.

Kuku arobaini na wawili. Ndio wanaotulisha mimi na wanangu. Na kiwanja chenyewe cha kupanga!

"Kosa langu nini, kaka?"

"Huna kibali. Na banda liko karibu na nyumba ya jirani."

Jirani! Hapo hapo nikajua nani kanichoma.

Ni mzee mmoja, fundi saa mstaafu, kafiwa na mkewe, anaishi peke yake. Kesho yake nikamkuta anapiga hatua kutoka dirishani kwake hadi kwenye banda langu. Anahesabu, anaandika. Kumbe haijamtosha, anakusanya ushahidi!

"Mzee, umeridhika sasa?"

"Mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Usiniite mwanangu!"

Nikambamizia geti. Mayai niliyokuwa nampelekea kila Ijumaa, nikakata. Salamu, nikakata. Akikohoa, naongeza sauti ya redio. Roho mbaya niliyokuwa nayo, acheni tu!

Siku ya tano akapelekwa hospitali. Majirani wengine wakanipitia twende kumwona.

"Nina kazi," nikasema.

Usiku ule akafariki. Kesho yake akazikwa... sikwenda.

Siku ya saba nikaenda halmashauri, nimejiandaa kwa vita. Afisa yule yule akafungua faili, akagonga muhuri.

"Kibali chako hiki. Kuku wabaki."

"He! Na aliyenishtaki je?"

"Nani kakushtaki, dada? Tulikagua mtaa mzima. Jirani yako ndiye kaleta barua ya kuridhia. Bila hiyo, tungewabeba."

Akanisogezea karatasi. Mwandiko unatetemeka:

*"Kutoka dirisha langu hadi bandani ni hatua kumi na nane. Nimepima mwenyewe. Kelele hazinisumbui. Tangu mke wangu afariki, jogoo wa binti yangu ndiye pekee anayeniamsha. Naomba mumwachie kuku wake."*

Binti yangu... Mimi!

Nililia pale kaunta mpaka watu wakaacha foleni kunishika.

Nyie mnaosoma, kuku wangu wote ninao. Jogoo anawika kila alfajiri, lakini dirisha lile halifunguki tena. Ijumaa bado natenga mayai sita... nakumbuka, nayarudisha.

Kama kuna mtu umemnunia, mfuate leo umsikilize. Mimi aliniambia "ngoja nikueleze."

Sikungoja.