Hatua Kumi kwa Kila Lori

Kila asubuhi ya shule, kabla jua halijachomoza vizuri, Hasifa alifunga kamba za raba zake, akamuaga mama yake na kutoka mbio kuelekea barabara kuu. Kwao kulikuwa pembeni mwa mji wa Busia, upande wa Uganda, pale ambapo malori yanayongoja kuvuka kwenda Kenya hupanga foleni ndefu mpaka macho yachoke kuitazama. Hasifa alikimbia ukingoni mwa barabara, akiyaelekea magari kama alivyofundishwa shuleni. Wakati wa kurudi alivuka upande wa pili ili ayaelekee tena.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na alitaka jambo moja tu: kuchaguliwa kukimbia mita elfu moja na mia tano katika mashindano ya Tororo. Kila shule ilipeleka wasichana wawili. Mwaka uliopita alikuwa wa tatu, akabaki nyumbani kuchambua maharage huku wenzake wakirudi na medali na kujishaua nazo muhula mzima. Safari hii alikula kiapo kwamba hatabaki.

Hakuwa na saa, basi akajitungia kipimo chake mwenyewe. Alihesabu hatua. Lori lenye trela, tangu mbele mpaka nyuma, lilimchukua hatua kumi na mbili. Akaamua kwamba mkimbiaji hodari ni mwenye hatua ndefu, kwa hiyo hesabu ikipungua, yeye anapanda. Wiki ya kwanza akafika kumi na moja. Wiki ya tatu akafika kumi, akirusha miguu mbele kama mtu anayeruka madimbwi, na matingo, wasaidizi wa madereva, waliokuwa wakichemsha chai kando ya trela wakampigia makofi. Kichwa kikamvimba.

Hapo ndipo goti la kulia lilipoanza kuuma. Lilimchoma upande wa nje, mwanzoni akishuka ngazi za darasani, baadaye hata akiinuka kwenye dawati. Na uwanjani, badala ya kuongeza kasi, alizidi kuwa mzito. Siku ya mazoezi, Amulen, msichana mwembamba kutoka Buhehe ambaye Hasifa alizoea kumcheka kwa sababu ya vihatua vyake vifupi, alimpita mapema kabisa na kumwacha akila vumbi. Hasifa akamaliza wa tano. Alikaa kwenye nyasi akang'oa majani kwa hasira, maana hakuelewa. Yeye ndiye aliyeamka mapema kuliko wote. Yeye ndiye aliyejinyima usingizi. Inakuwaje anayejituma zaidi ndiye anayerudi nyuma?

Madamu Awor, mwalimu wa michezo, alimwona akichechemea, akamuuliza kama mguu unauma. Hasifa alijua vizuri kwamba mwanafunzi aliyeumia huondolewa kwenye orodha. Akamtazama mwalimu wake machoni na kusema hauumi hata kidogo. Kesho yake, kwa ukaidi wake, akaongeza umbali.

Huenda angejivunja kabisa kama si baba yake. Mzee Abdunoor alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa amekwama kwenye foleni ileile, siku ya pili. Akiwa amekaa juu kwenye usukani, alimwona binti yake akija, goti moja likikunjika vibaya, uso umekunjamana. Alishuka akamsimamisha.

"Mguu inauma, siyo?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Hasifa, mimi naendesha gari miaka ishirini. Gari ikiumwa naona, mtoto wangu nisione?"

Hasifa akaangua kilio palepale, mbele ya matingo wote. Baba yake hakumgombeza. Alimwachia tingo wake lori, akampeleka moja kwa moja kwa Madamu Awor.

Madamu hakupoteza muda kumlaumu. Alimwambia akimbie mara moja tu, taratibu, kutoka goli moja mpaka katikati ya uwanja, kama anavyokimbia barabarani. Akampiga video kwa simu kutoka ubavuni, kisha akairudisha polepole ili wote watatu waione. Hasifa alishtuka. Pale kwenye kioo, mguu wake ulitangulia mbali mbele ya mwili, goti limenyooka, kisigino kikagonga ardhi, na mwili wote ukabaki nyuma ukingoja kuvutwa.

"Hiyo ni breki," alisema Mzee Abdunoor. "Kila hatua mtoto anashika breki, halafu anakanyaga mafuta. Gari ukiiendesha namna hiyo, inakufa."

Madamu alikubali. Alieleza kwamba mguu ukitua mbele sana, goti ndilo linalopokea kishindo chote. Kisha akataka kujua Hasifa anafanyia wapi mazoezi, na aliposikia habari za ukingo wa barabara, akatikisa kichwa. Ukingo ule umeinama ili maji ya mvua yateremke. Kwa kuwa Hasifa aliyaelekea magari kwenda na kurudi, mguu wa kulia ndio uliokuwa chini siku zote, ukaumia peke yake. Sheria ya barabarani aliifuata sawasawa, lakini ukingo ule haukufaa kwa mazoezi ya kila siku.

Hasifa alidhani sasa atapewa dawa na kurudi mbioni. Badala yake akaambiwa asikimbie siku kumi na nne. Kulikuwa kumebaki wiki sita kabla ya mchujo, na yeye alitakiwa kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kushika, na kutembea. Alinuna mpaka mama yake akachoka kumbembeleza. Aliporuhusiwa kukimbia, ilikuwa kwenye uwanja tambarare wa mpira, nusu ya mazoezi akizunguka upande huu na nusu upande ule, kwa hatua fupi za harakaharaka, mguu ukitua chini ya mwili. Tena ubavuni mwa Amulen, ambaye vihatua vyake alikuwa amevicheka. Siku za mwanzo alijiona kama kuku anayefukuzwa, akatamani kuacha. Amulen hakumcheka. Alimpigia hesabu tu, moja mbili, moja mbili, mpaka miguu ya Hasifa ikashika mwendo.

Siku ya mchujo walikimbia wasichana tisa. Amulen alitangulia. Hasifa alimfuata, akapitwa mzunguko wa tatu, akapiga moyo konde na kurudisha nafasi yake kwenye kona ya mwisho. Wa pili. Alianguka kwenye nyasi akicheka na kuhema.

Madamu Awor alikuja na daftari na kalamu, akachuchumaa karibu naye. "Goti?" aliuliza.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, na msichana aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa amesimama hapohapo, anasikiliza. Neno moja tu, haliumi, lingetosha, na neno lile Hasifa alilizoea.

"Limeniuma kidogo, Madamu," alisema. "Mita mia za mwisho. Si kama zamani, lakini limeuma."

Mwalimu alilibonyeza goti, akamwambia alikunje na kulinyoosha, asimame kwa mguu ule, aruke mara tatu. Hasifa aliruka huku machozi yakimlengalenga, si kwa maumivu bali kwa hofu. Madamu akaandika jina lake.

"Utapumzika siku tatu, kisha utaenda Tororo," alisema. "Bidii unayo, Hasifa, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Lakini bidii haijui njia. Ukikosea namna ya kufanya kazi, bidii hiyohiyo ndiyo itakayokuumiza. Na mwili ukikwambia kuna kosa, sema mapema. Siku ile uliponidanganya sikuweza kukusaidia. Leo naweza."